Geti Linalofungwa Mchana

Maskati,
Jumamosi asubuhi

Dada yangu Hawa, shikamoo.

Sie huku wazima wa viungo, alhamdulillahi, na ninaomba karatasi hii iwakute hapo Mbagala Charambe mkiwa hivyo hivyo, wewe na shemeji Kondo na mama yetu. Naona kabisa unavyoigeuzageuza bahasha. Tangu lini Tatu akaandika barua na simu anayo? Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanijibu kabla sijafika mwisho, na kwenye simu kila kitu ni "tuko poa, mama hajambo, kalala". Karatasi huwezi kuikatiza. Anakuletea Bi Zuwena mwenyewe, yule mwenye duka ninaloshonea, anakuja huko harusini kwa mpwa wake. Nimemwambia akupe wewe mkononi, asimwachie mtu. Isome ukiwa umekaa.

Habari za huku ni joto. Limeshaanza kushika. Tunaishi kama wezi, mapazia yamefungwa mchana kutwa, tunatoka kwenye kiyoyozi kimoja tunakimbilia kingine. Shemeji yako Shabani ndio msimu wake huu. Fundi wa viyoyozi miezi hii hana raha, anashinda juu ya mapaa ya watu, akirudi shati limeganda chumvi mgongoni. Mie niko pale pale kwenye mabaibui, nabandika vijiwe vya urembo kwenye mikono ya nguo mpaka macho yanauma. Bi Zuwena kazaliwa Unguja, Kiswahili chake kizuri kuliko changu, ila ukimharibia nguo anahamia kwenye Kiarabu, hapo ujue siku yako imeisha. Jengo letu lina watu kila mlango na hakuna anayemjua mwenzake. Yule mama wa Kihindi wa mlango wa pili tunasalimiana kwa kichwa miaka yote hii, jina lake silijui. Samaki wapo, nazi zipo, wali napika, lakini mnakula wawili mnatazamana. Ndiyo maana mwezi wa likizo ukikaribia nakuwaga kama mtoto anayesubiri nguo ya sikukuu.

Na unajua tunavyokujaga. Maboksi yamefungwa kamba, shemeji Kondo kakodi gari, Noah, njia nzima tunacheka. Siku za mwanzo tunakaa kwa mama, halafu Kimara kwa shangazi yake Shabani ili asinune, katikati tunachomoka kwenda Goba kuuangalia msingi wetu unaoota majani. Watu wanakuja kutazama wa Maskati mwaka huu wamenenepa au wamekonda. Na kila mwaka mama anasikia honi tangu kwenye kona, anatoka na kanga moja, anapiga kelele mtaa mzima ujue: "Kaja! Mtalii wangu kaja!"

Safari hii hakukuwa na kelele. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, gauni jipya, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Wewe umesimama nyuma yake.

"Karibuni," akasema. "Karibuni wageni. Poleni na safari."

Ukainama haraka. "Mama, Tatu huyo. Tatu wako, wa Maskati."

"Eeeh! Tatu. Mwanangu."

Akacheka, nikacheka, tukakumbatiana. Lakini nilikuona, dada. Nilikuona ulivyomtazama Shabani juu ya bega langu, na Shabani naye akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema bado. Bado nini? Nilijiuliza hivyo nikiwa bado nimemshika mama.

Tangu hapo macho yangu hayakulala. Kwanza geti. Nyumba ile tumekulia, geti lake hufungwa tukienda kulala tu. Mchana linaingia kila kitu, kuku wa jirani, wauza karanga, watoto wanaokuja kuomba maji. Safari hii kufuli mchana kweupe, na funguo umeifunga kwenye ncha ya kanga yako. Nikakuuliza. "Vibaka siku hizi, Tatu, hujui tu." Nikachungulia ng'ambo kwa Mama Asia, geti lake liko wazi, na mwenyewe kakaa pale anapeta mchele. Nikamuuliza habari za hao vibaka.

"Vibaka?" akasema. "Mh. Muulize dada yako." Akaendelea kupeta.

Halafu jikoni. Mama, ambaye hajawahi kumwachia mtu mwiko wake, ambaye hata siku ya harusi yangu aliwafukuza wapishi, sasa anakaa ukumbini anasubiri kuletewa sahani. Ukaniambia daktari kamkataza moshi. Moshi gani, dada, na mnapikia gesi?

Nikikaa naye peke yetu, hata dakika haijapita umeshaingia, unatafuta sindano, unatafuta rimoti. Nikimuuliza yeye, unajibu wewe. Nikamwuliza, "Mama, ile safari ya Kisarawe mlikwenda?" Ukadakia, "Tulikwenda, mama alifurahi sana." Mama anakutazama mdomoni kama anayesoma. Nikasema moyoni, kuna neno dada hataki mama aniambie. Mwanzo nikadhani ni nyumba. Nikadhani mmeiuza mkaogopa kusema.

Lakini siku ile nimetoka kuanika nikawakuta wewe na Shabani nyuma ya simtanki la maji. Mmesimama karibu karibu, wewe unafuta macho kwa mtandio. Mliponiona mkaachana kama mnaochomwa na moto.

"Tunaongelea pampu ya maji," Shabani akasema.

Pampu! Mtu analilia pampu?

Tukaenda Kimara. Asubuhi yake Shabani akaniacha kwa shangazi, anakwenda Goba kumwona fundi. Siku hiyo mvua ilinyesha, na barabara za Goba unazijua, ule utelezi wa vilimani hata bodaboda wanakushusha utembee. Shabani karudi jioni viatu vinang'aa. Nikamvua shati nifue, linanukia udi. Udi wako, dada, ule unaochanganya mwenyewe na sukari, hakuna mwingine Mbagala nzima anayeufukiza. Nikaliloweka lile shati. Shangazi ananiuliza mbona umenyamaza, namwambia kichwa.

Siku ya kuondoka uliponikumbatia uwanja wa ndege nilikaa kama gogo. Najua ulihisi.

Tuliporudi huku nikaanza kumvizia Shabani. Anachukua simu anatoka barazani, kwenye joto lile ambalo hata paka hatoki, anafunga mlango wa kioo. Nikimuuliza ni nani, "Fundi wa Goba." Tukiwa tunakula, fundi wa Goba. Akitoka msikitini, fundi wa Goba. Na msingi haujaongezeka hata tofali. Jioni moja yuko bafuni simu ikaita, nikatazama kioo, kimeandikwa Fundi Goba. Nikapokea nimwambie anieleze na mie huo ujenzi umefika wapi.

"Shem," ikasema sauti, "yuko karibu? Kama yuko karibu usiongee."

Sauti yako.

Ile simu iliyokatika, ukapiga tena ikaita mpaka ikachoka, ni mimi niliyeishika mkononi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda naiangalia inaita.

Nikuambie nilichofikiri, maana mie sitaki kuwaficha kama mlivyonificha. Nilifikiri unatembea na mume wangu. Nilikumbuka kila kitu. Kanzu uliyomshonea, samaki unaomtengea kichwa kwa sababu anapenda kichwa, utani wenu wa shemeji na shemeji ambao nilikuwaga wa kwanza kuucheka. Nikaanza kuhesabu kwamba shemeji Kondo anasafiri sana na malori. Nilibandika vijiwe kichwa chini miguu juu, baibui zima la bibi harusi likaharibika, Bi Zuwena akaongea Kiarabu kutwa. Nikaacha kupika wali. Shabani akasema, "Unaumwa?" Nikasema, "Naumwa." Akataka kunigusa paji la uso, nikauondoa mkono wake.

Ijumaa akatoka swala, akakuta simu yake nimeiweka mezani.

"Mpigie fundi wako," nikamwambia. "Weka sauti kubwa, tumsikilize wote."

Hakuichukua. Alikaa, akavua kofia, akaizungusha mikononi.

"Tatu," akasema, "si unavyodhani."

"Unajua ninavyodhani?"

"Kwa unavyoniangalia mwezi mzima huu, najua."

Ndipo akaniambia. Kwamba mama anasahau, na si kusahau kwa uzee wa kawaida. Kwamba ilianza ule mwaka niliopoteza ujauzito, nikalazwa hapa, nikawa silali wala sili. Kwamba wewe ulimpigia ukilia, ukasema mama kaweka mafuta ya taa kwenye mchuzi, mkakubaliana nisiambiwe mpaka nipate nguvu. Nikapata nguvu. Mkashindwa pa kuanzia. Kwamba siku moja mama alitoka geti likiwa wazi, mkamtafuta mtaa kwa mtaa, akakutwa mbali huko Mtoni, barabarani, peku, anamwambia kila anayepita kwamba anakwenda uwanja wa ndege kumpokea mwanawe. Kwamba siku ile ya Goba yeye hakwenda Goba, alikuja kwako kukusaidia kumpeleka mama kliniki kwa sababu safari iliyopita mama alikushinda nguvu akashuka kwenye bajaji inatembea.

Unajua nilimjibu nini?

"Muongo wewe."

Maana kila kitu kilijibika vizuri mno. Geti, moshi, simtanki, udi, vyote vimepata jibu moja, na jibu lenyewe ni mama yangu ambaye hawezi kujitetea. "Mnamsingizia mama ugonjwa mjifiche nyuma yake," nikamwambia. Shabani alilia, dada. Sijawahi kumwona analia. Na bado sikumwamini.

Jumatatu nikaingia chumba cha kukatia nguo, nikampigia Mama Asia. Nilijua saa zile uko sokoni Rangi Tatu, unauza vitenge vyako. Nikamwomba aende kwa mama na simu yake, anipigie ya picha nimwone, na asikuambie. Nikasema najua geti limefungwa, ampitishie juu ya ukuta.

"Funguo ninayo," akasema. "Dada yako ananiachia akienda sokoni. Ngoja nijifunge kanga."

Hapo nikajiuliza. Kwa nini jirani awe na funguo?

Nikasikia kufuli, nikasikia ndala za Mama Asia uani, halafu mama akajaa kwenye kioo. Hakukuwa na wewe nyuma yake. Hakukuwa na wa kumnong'oneza.

"Nani huyu kapendeza hivi?" akasema.

"Tatu, mama."

Nikangoja. Mama Asia nilishamwomba asimsaidie.

"Tatu gani tena?"

"Tatu wa Maskati."

"Aaa, Maskati. Mbali huko. Nina mwanangu yuko huko."

Nilishika meza. "Anaitwa nani, mama?"

"Anaitwa..." Akatazama ukuta, akamtazama Mama Asia, akaurudia ukuta. "Huyu, huyu mdogo. Anakujaga huyu. Akija mlango hautoshi, kila mtu anataka kuingia." Akacheka peke yake. "Na wewe unakula huko? Mbona mashavu yamekwenda?"

"Nakula."

"Nazi zipo?"

"Zipo, mama."

"Usikune ukafika kwenye kifuu, wali unakuwa mweusi." Hiyo aliisema vile vile, dada, kwa sauti ile ile aliyonifundishia nikiwa na mbuzi ya nazi imenizidi kimo.

Akanitazama. Halafu akauliza, "Na wewe una mama?"

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

"Yuko Mbagala."

"Mbagala! Jirani huyo! Unampigiaga?"

"Nampigia."

"Mpigie. Mtoto akiwa mbali mtu halali vizuri." Akasogea karibu na kioo mpaka nikawa naona jicho moja tu na kipande cha kanga. "Mwambie kuna mama wa hapa Charambe anamsalimia sana. Mwambie mwanawe mzuri."

Nikamwambia nitamfikishia. Mama Asia akachukua simu, akasema, "Tatu, kaa chini kwanza." Nilikuwa nimeshakaa, kwenye sakafu, katikati ya vipande vya vitambaa. Bi Zuwena ndiye aliyenikuta. Hakuuliza, akafunga mlango wa duka, akanichemshia chai ya tangawizi, na siku hiyo yote hakugusa Kiarabu.

Sasa, dada, nisikilize. Siombi radhi kwa kukushuku. Mlinipa kila sababu. Mngeniambia, nisingenusa shati la mume wangu kama mbwa. Na sina hakika mmenimalizia yote. Zile alama nilizoziona mkononi mwa mama nilipokuja, ukasema mbu, ni mbu kweli? Au alianguka? Aliangukia wapi, na nani alikuwepo? Usinijibu "hajambo". Hilo neno nimelichoka. Niambie kala nini, kalala saa ngapi, kamwita nani, kamfukuza nani. Shabani mpaka leo akitoka barazani na simu nanyanyua masikio, sijui nitayashusha lini. Ameliondoa lile jina la fundi, ameandika Dada Hawa. Nimelitazama mara nyingi.

Lakini kuna kitu kingine nimekifikiria nikiwa nabandika vijiwe. Nimefikiria ile wiki kabla hatujafika. Gauni ulilomnunulia. Kiti ulichokiweka mlangoni. Unamkalisha, unamwambia, mama, anayekuja ni Tatu, sema Tatu, na kesho yake unaanza upya, na kesho yake tena, huku sokoni wateja wanakusubiri na shemeji yuko njiani na lori. Ulimfundisha mama jina langu kama anayemwandaa mtoto kwa mtihani, ili nikija nisiumie. Hilo sina pa kuliweka. Nikilikasirikia halikasirikiki, nikitaka kukushukuru nakumbuka lile geti.

Usimfundishe tena.

Nakuja kabla ya mwezi wa Ramadhani, peke yangu. Bi Zuwena kaniruhusu, Shabani atabaki na viyoyozi vyake. Sileti maboksi. Usimwambie shangazi wa Kimara, usikodi Noah, nitachukua bajaji mwenyewe. Nikibisha hodi, mwache mama anikaribishe anavyotaka yeye. Akiniita mgeni, nitaingia kama mgeni, nitakaa, nitasema asante. Na hizo siku nitakazokuwepo, funguo ya geti nitaifunga mie kwenye kanga yangu. Wewe ulale. Ulale mpaka jua likuchome, mtu asikuamshe.

Nisalimie shemeji Kondo, mwambie aendeshe taratibu, na yeye nina neno naye maana najua na yeye alijua. Usigombane na Mama Asia, nilimlazimisha. Msalimie na mumwongezee sukari kwenye chai yake anavyopenda. Shangazi wa Kimara nitamsalimia mwenyewe nikifika, asijue sasa hivi.

Na mama. Mkalishe barazani asubuhi, wakati ule anapokuwa ametulia. Mwambie kuna mama mmoja wa hapo hapo Charambe, simjui jina lakini namjua sura, amenipa salamu nyingi nimfikishie, na kasema mwanawe ni mzuri.

Ni mimi mdogo wako, bado nimekununia, nakupenda,

Tatu